Janga la Ugonjwa na Biashara ya Vyakula Vibichi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa watu wanaonunua mboga, matunda, maziwa, nyama, samaki au mayai kwa wazalishaji na kuyafikisha kwa wanaouza na wanaopika. Majibu mengi yametokana na yale yaliyotokea baada ya Machi 11, 2020, siku ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuita UVIKO-19 janga la dunia. Nimeyaandika kwa kuangalia mbele, maana ugonjwa mwingine unaweza kuzuka, na mizigo yetu itakuwa ya kuoza vilevile.

Janga likiingia, chakula huisha?

Kwa kawaida hakiishi. Nyanya iliyopandwa miezi mitatu iliyopita itaiva tu, amri ya kutotoka nje iwepo isiwepo. Ng'ombe atakamwa asubuhi na jioni. Kinachokatika kwanza ni njia kati ya shamba na sahani: dereva amezuiwa, soko limefungwa, mpakuaji anaumwa, mteja aliyekuwa akichukua nusu ya mzigo ameshusha milango.

Mwenye ghala la nafaka anaweza kungoja wiki kadhaa hadi njia ifunguke. Wewe mwenye mboga za majani una siku mbili au tatu. Kwa hiyo tangazo likitoka, kabla ya kuhangaika utapata wapi mzigo mwingine, jiulize huu ulio nao utakwenda wapi kabla ya keshokutwa. Karibu kila jibu lililo hapa chini linarudi kwenye jambo hilo.

Kwa nini maziwa yalimwagwa huku rafu za madukani zikiwa tupu?

Hili huulizwa kwa uchungu, na uchungu huo ni wa haki. Mwezi Aprili 2020 nchini Marekani, ushirika wa wafugaji wa Dairy Farmers of America ulikadiria kwamba hadi galoni milioni 3.7 za maziwa, yaani kama lita milioni 14, zilikuwa zikimwagwa kila siku. Ubelgiji, chama cha wafanyabiashara na wasindikaji wa viazi, Belgapom, kilisema kiasi cha tani 750,000 za viazi kimekosa pa kwenda, kikawaomba wananchi wale chipsi mara mbili kwa wiki.

Sababu ni kwamba kuna minyororo miwili ya ugavi inayopita sambamba bila kugusana. Mmoja unalisha majumbani kupitia maduka. Mwingine unalisha migahawa, hoteli, shule na ofisi. Kila mmoja una vifungashio vyake, mashine zake, lebo zake, hata madereva wake. Maziwa ya shule hufungwa kwenye paketi ndogo za mtoto mmoja. Ya mgahawa huenda kwenye mifuko mikubwa. Mashine inayojaza paketi ndogo haiwezi kuamka kesho ikajaza chupa za lita mbili bila kubadilishiwa vipuri na kuletewa chupa zenyewe, na mtengenezaji wa chupa naye tayari ameelemewa na oda. Mayai ni hivyohivyo: yaliyokuwa yakienda jikoni kwa trei kubwa hayakuwa na lebo ambazo sheria inadai kwa mnunuzi wa rejareja. Ilibidi mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilegeze masharti hayo kwa muda, mwanzoni mwa Aprili 2020, ndipo yakaruhusiwa kuingia madukani.

Ukitaka kujua biashara yako iko hatarini kiasi gani, nenda stoo uangalie vifungashio. Kama kila ulicho nacho ni kreti ya kilo 20, huna namna ya kumfikia mama anayetaka kilo moja na nusu. Akiba ya mifuko midogo, mizani ya mezani na lebo tupu haigharimu sana, tena haiozi. Ningeiweka hata kama hakuna dalili ya ugonjwa wowote.

Wateja wangu wakubwa ni hoteli na shule. Zikifungwa ghafla, nianzie wapi?

Anzia kwenye simu, siku hiyohiyo. Kila mteja muulize kama atafungua, atachukua kiasi gani, na deni la mwezi uliopita atalilipa lini. Usitume ujumbe ukasubiri. Sauti ya mtu itakueleza mengi kuliko alichoandika.

Ukimaliza wateja, wapigie wazalishaji kabla hawajavuna. Zao lililo shambani bado lina muda, lililokatwa limeshaanza kuhesabiwa siku. Hapa ujue tabia ya kila zao. Karoti, viazi na kabichi vinaweza kungoja kidogo ardhini au shinani. Tango haliwezi: likiachwa siku chache linanenepa, linageuka manjano, na mmea wenyewe unapunguza kuzaa kwa sababu unapeleka nguvu kwenye mbegu. Mkulima wa matango atalazimika kuchuma hata kama hakuna wa kumuuzia, kwa hiyo huyo ndiye wa kutafutiwa soko kwanza.

Kisha tafuta milango ambayo haifungwi. Hospitali hupika kila siku. Maduka ya vyakula huruhusiwa kuendelea karibu kila mahali. Wasindikaji wa sosi, juisi na vyakula vya kugandishwa hununua kwa bei ya chini, lakini hununua. Familia zilizokuwa zikila nje sasa zinapika nyumbani mara tatu kwa siku, na hilo ni soko kubwa kuliko linavyoonekana, ila linataka mzigo uliogawanywa vidogovidogo.

Jambo moja nalisisitiza: usimkimbie mkulima. Kama huwezi kuchukua mzigo wake, mwambie leo, mwambie kiasi, mwambie sababu. Anayezimiwa simu wiki ya kwanza hukumbuka, na njia zikifunguka mavuno yake ya kwanza atampelekea mwingine.

Mzigo wangu unaweza kumwambukiza mteja?

Inategemea ugonjwa. Kwa UVIKO-19, WHO na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) yalieleza mapema, Aprili 2020, kwamba hakukuwa na ushahidi wa virusi vinavyosababisha magonjwa ya njia ya hewa kuenezwa na chakula au vifungashio vyake. Virusi havizaliani ndani ya chakula. Vinahitaji kiumbe hai. Hatari kubwa ilikuwa watu kwa watu: wanaopanga bidhaa bega kwa bega, wanaosafiri wakiwa wamebanana kwenye gari moja, wanaokula pamoja kwenye kijumba kisicho na dirisha.

Ugonjwa mwingine unaweza kuwa tofauti. Kipindupindu, kwa mfano, hupita kwenye maji na chakula, na hapo maji ya kuoshea mboga ndiyo huwa mstari wa mbele. Kwa hiyo kabla ya kununua vifaa, sikiliza wataalamu wa afya wanasema ugonjwa wenyewe unapitia wapi.

Nioshe mboga kwa sabuni au dawa ya madoa yenye klorini?

Hapana. Maji safi yanayotiririka yanatosha kwa mlaji wa nyumbani, na viwanda vinavyotumia klorini kwenye maji ya kuoshea hufanya hivyo kwa vipimo vikali. Mwezi Mei 2020 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC) kiliwahoji watu wazima 502, na asilimia 19 walikiri kwamba walikuwa wametumia dawa ya klorini kwenye vyakula vyao. Hiyo ni sumu waliyojiwekea wenyewe mezani kwa hofu. Ukiuza kwa familia, tia kijikaratasi ndani ya kikapu chenye maelezo ya kuosha. Ni maneno mawili matatu tu, lakini yanalinda watoto wa watu.

Dawa ni ya meza, mizani, vishikio vya milango na kreti tupu. Kwa nyuso hizo WHO ilishauri klorini ya asilimia 0.1 au pombe ya asilimia 70 hadi 90, na kila uso usafishwe kwa sabuni kwanza, kwa sababu uchafu huiua nguvu ya dawa.

Mfanyakazi mmoja akiugua, nifunge?

Si lazima, kama ulijipanga kabla. Asiyejipanga hufunga hata kama hataki, kwa sababu watu wote waliokuwa zamu moja wanaingia karantini kwa pamoja. Viwanda vya nyama vilitoa funzo chungu. Aprili 2020 kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe katika mji wa Sioux Falls, Marekani, kilisimama baada ya wafanyakazi mamia kuambukizwa; peke yake kilikuwa kinatoa kiasi cha asilimia 4 hadi 5 ya nyama yote ya nguruwe ya nchi hiyo. Juni mwaka huohuo machinjio moja huko Ujerumani ilikuta zaidi ya wafanyakazi 1,500 wana virusi. Baridi, hewa isiyobadilishwa, kelele zinazowalazimu watu kupaza sauti, msongamano kwenye mabweni: vyote vilikutana.

Kinga iliyo bora kwa biashara ndogo ni kugawa watu katika vikosi viwili visivyokutana kabisa. Kikosi cha alfajiri kinapokea na kupanga, kinaondoka, meza na mizani zinasafishwa, madirisha yanaachwa wazi, ndipo kinaingia kingine. Wakikabidhiana, wakabidhiane kwa simu au kwa daftari lililoachwa mezani. Dereva asishuke kuingia stoo, na wapangaji wasipande garini. Mkutano wa dakika tano wa kuagana unatosha kuvunja mpango wote.

Lakini mpango huo hautasimama kama mgonjwa hapati malipo akikaa nyumbani. Mtu anayelipwa kwa siku, mwenye watoto wanaosubiri, atakunywa dawa ya homa na kuja kazini. Nani angefanya vingine? Mlipe siku zake za ugonjwa. Najua mtaji unabana wakati huo. Hata hivyo piga hesabu: ujira wa mtu mmoja kwa wiki mbili, au mzigo wote wa stoo ukioza kwa siku nne kwa sababu hakuna wa kuupanga. Mbali na hesabu, hao ndio watu wanaoendelea kubeba chakula cha wengine wakati wengine wameambiwa wabaki ndani. Wanastahili barakoa nzuri, maji ya kunawa karibu na meza, na kutosukumwa kazini wakiwa na homa.

Fundisha pia kazi mbadala. Kama anayejua mashine ya baridi ni mmoja tu, au mwenye namba za wakulima wote ni mmoja tu, andika anachokijua kabla hajaumwa.

Malori yakikwama mpakani au kwenye vizuizi, bidhaa zangu zitafika zikiwa na hali gani?

Mbaya kuliko zinavyoonekana kwa nje. Chukua kreti ya mboga za majani iliyochelewa siku moja ndani ya gari lililozimwa injini. Juu majani yana rangi yake. Ingiza mkono katikati: kuna vuguvugu. Mboga iliyovunwa bado inapumua, inatoa joto na unyevu, na kila joto likipanda kwa nyuzi 10 kasi ya kupumua huongezeka mara mbili au tatu. Joto linazaa joto. Ukifika chini unakuta majani yamelowa, yamelainika, yana harufu ya uchachu. Ndiyo maana kipimajoto huchomekwa katikati ya mzigo, si mlangoni mwa gari.

Ucheleweshaji huo ulitokea kweli. Machi 2020 foleni za malori zilijaa kwenye mipaka ya Ulaya, hadi Umoja wa Ulaya ukazitaka nchi wanachama zitenge njia maalumu za mizigo ambapo ukaguzi usizidi dakika 15. Mei mwaka huo, mpakani Malaba kati ya Kenya na Uganda, malori yalipanga mstari wa kilomita nyingi madereva wakisubiri majibu ya vipimo. Angani nako kulibana: karibu nusu ya mizigo ya ndege duniani husafirishwa tumboni mwa ndege za abiria, hivyo abiria walipokoma kusafiri, nafasi ya samaki na maharage mabichi ilipotea nao na gharama ikapanda.

Unachoweza kufanya ni haya. Uliza kila siku hali ya njia kwa madereva wenyewe, kwa sababu taarifa rasmi mara nyingi huchelewa kuliko wao. Karatasi za mzigo na cheti cha afya cha dereva viwe tayari kabla ya safari. Weka mafuta ya kutosha mashine ya baridi kufanya kazi gari likiwa limesimama. Na kwa njia ndefu, punguza bidhaa laini, ongeza zinazostahimili.

Nikilazimika kuhifadhi kwa muda mrefu, niweke kila kitu kwenye chumba cha baridi?

Hapana, baridi moja haifai kwa vyote. Mboga za majani hupenda nyuzi 0 hadi 2 na unyevu mwingi. Ndizi ikishuka chini ya nyuzi 13 ganda huwa jeusi na haiivi vizuri tena. Nyanya inayokaa chini ya nyuzi 10 hupoteza ladha na kuwa na ungaunga. Samaki akae kwenye barafu inayoyeyuka, karibu na nyuzi 0. Nyama na maziwa visizidi nyuzi 4 au 5.

Tenganisha pia matunda yanayoiva na mboga. Ndizi, parachichi na matofaa hutoa gesi ya ethilini inayozifanya mboga za majani kuwa manjano mapema. Siku za kawaida mzigo hupita kasi kiasi kwamba kosa hili halionekani. Mzigo ukikaa siku tano badala ya moja, linaonekana.

Oda zimepanda mara tatu wiki ya kwanza. Niongeze manunuzi mara tatu?

Nenda polepole. Wiki ya kwanza watu wananunua kwa hofu, wanajaza majokofu. Muuzaji wa rejareja akiona rafu imefagiliwa anaagiza mara mbili. Muuzaji wa jumla akiona hivyo anaagiza mara tatu ili asikose. Mkulima anapanda zaidi. Majokofu yakijaa, mlaji anasimama, na wimbi lote linamrudia yule aliye mwisho wa mstari akiwa na mzigo usio na mnunuzi.

Muulize kila mteja anachouza kweli kwa siku, si anachotaka kuagiza. Gawa kwa uwiano badala ya kumpa wote aliyepiga simu kwanza. Wateja wadogo wa siku zote wasisahaulike kwa sababu ya mkubwa mmoja mpya ambaye mwezi ujao hatakujua.

Ni halali kupandisha bei?

Gharama zikipanda, bei hupanda, na mteja akielezwa huelewa. Weka risiti za usafiri, vifaa vya usafi na vifungashio ili uweze kuonyesha bei imetoka wapi. Kupandisha kwa sababu tu watu wameogopa ni ulanguzi. Sehemu nyingi ulanguzi una adhabu kisheria, na hata pasipo sheria ni kumnyonya mtu aliyekwama. Siungi mkono kabisa.

Wateja wananiomba muda wa kulipa, nami nadaiwa na wakulima. Nani alipwe kwanza?

Wengi hudhani biashara ya vyakula vibichi hufa kwa kuoza kwa bidhaa. Mara nyingi hufa kwa ankara. Hoteli huchukua mzigo leo na kulipa baada ya siku 30 au 60. Mkulima anataka fedha yake ndani ya siku chache. Hoteli ikifungwa, pengo hilo unabaki nalo wewe.

Wanaojaribu kulipa wagawie malipo madogomadogo ya kila wiki, yaandikwe na yasainiwe. Kiasi kidogo kinachoingia Ijumaa kina thamani kuliko ahadi ya kulipa chote mambo yakitulia. Kwa upande wa madeni yako, ningeanza na wakulima wadogo na vibarua, kwa sababu hawana benki ya kukimbilia na wasipopanda sasa hutakuwa na mzigo msimu ujao. Kama una mkopo wa benki, nenda benki mapema kuomba ahueni ya marejesho, kabla hujaruka hata rejesho moja. Wateja wapya wauzie kwa fedha taslimu au malipo ya simu wakati wa kupokea.

Mkataba unanilinda?

Usome. Tafuta kifungu kinachohusu matukio yasiyozuilika, uone kama magonjwa ya mlipuko au amri za serikali zimetajwa. Kama hakuna, zungumza na mwanasheria kabla hujakataa kupeleka mzigo au kumshtaki aliyekataa kupokea. Mikataba mipya itaje mambo hayo waziwazi, pamoja na kiwango cha chini ambacho mteja atachukua.

Nianze kupeleka majumbani?

Ndiyo, lakini anza na kikapu kimoja au viwili vilivyopangwa tayari, si orodha ya bidhaa 80 ambazo kila mtu anachagua. Kikapu chenye unachochagua wewe kinakuruhusu kuingiza kilichopo kwa wingi na kinachotaka kuondoka leo. Panga siku za mtaa kwa mtaa, gari lisizunguke mji mzima kwa oda sita. Oda za ujumbe wa simu na daftari zinatosha kuanzia. Programu maalumu itafuata ukishaona watu wanarudi.

Ujue pia kwamba faida ya kikapu huliwa na mafuta na muda. Weka kiwango cha chini cha oda, na usione aibu kukisimamia.

Mzigo ukibaki licha ya yote?

Kama bado ni salama, toa kwa hospitali, vituo vya watoto na vikundi vinavyopikia wasio na kipato, ila uwaulize kwanza wana jokofu na uwezo wa kupokea; tani moja ya mboga iliyotupwa mlangoni kwa watu wasio na pa kuiweka ni mzigo kwao. Yanayofaa kukaushwa au kugandishwa yashughulikiwe yakiwa bado mazuri, maana usindikaji hauponyi kilichoanza kuoza. Yaliyopita hapo yaende kwa mifugo, na mwisho kwenye mboji.

Masharti yakiondolewa, biashara hurudi ilivyokuwa?

WHO ilitangaza Mei 5, 2023 kwamba UVIKO-19 si dharura ya afya ya kimataifa tena, zaidi ya miaka mitatu baada ya kuitangaza kuwa hivyo Januari 30, 2020. Muda huo ni mrefu kuliko mtaji wa wengi. Migahawa mingine haikufunguliwa, wakulima wengine waliacha mboga wakahamia mazao yanayokaa ghalani, na baadhi ya madereva walitafuta kazi nyingine. Mahitaji yakirudi ghafla utakuta upungufu upande wa ugavi, kwa hiyo wapigie wazalishaji mapema, wiki kadhaa kabla ya hoteli kufungua, kwa sababu mboga nyingi zinahitaji mwezi hadi mitatu tangu mbegu hadi mavuno.

Wateja wa majumbani usiwaache siku hoteli inapopiga simu. Watapungua, ndiyo, lakini tenga sehemu ya mzigo iendelee kuwafikia, hata ikiwa ni siku moja tu kwa wiki, ili vifungashio vidogo, orodha ya namba zao na dereva anayejua mitaa yao viendelee kufanya kazi.